Ufito wa Maonyesho

Kila mgeni aliyeingia karakana ile, awe mkaguzi, awe daktari, awe mtu wa benki mwenye viatu visivyojua vumbi, alipelekwa kwanza kwenye meza ya Bi Hadubini. Hapo palikuwa na birika la umeme, beseni la kioo na ufito mmoja wa titani, mwembamba kuliko kidole cha mtoto. Bi Hadubini aliukunja kwa koleo mpaka ukawa upinde, akauzungusha kila mtu auone, asije akasingiziwa uchawi. Kisha akautumbukiza kwenye maji moto. Ufito ulijinyoosha wenyewe mbele ya macho ya watu, taratibu, ukarudi ulivyokuwa.

"Umekumbuka kwao," alisema, na wageni wakapiga makofi.

Alikuwa hachoki na mchezo huo. Mwanamke mtu mzima, mpole, mwenye mazoea ya kuweka jicho kwenye hadubini toka asubuhi hadi jioni, kiasi kwamba wenzake walimtania kuwa hata kipande cha mkate hali kabla hajakikagua nyufa. Lakini mbele ya beseni lile alikuwa na furaha ya mtoto, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Karakana ilitengeneza fito za kufungia migongo iliyovunjika. Daktari huweka ufito mmoja kila upande wa uti wa mgongo, akazikaza zote mbili kwa skrubu, ili mfupa upate utulivu wa kuunga. Chuma cha kawaida ni kigumu mno kwa kazi hiyo: kinaunyang'anya mfupa kazi yake, na mfupa usio na kazi hulegea kama mvivu yeyote. Aloi ya titani waliyotumia wao ilikuwa laini, ikipinda kidogo mtu anapopinda. Wageni walipouliza siri yake, Bi Hadubini aliwaambia wafikirie watu walioketi kwenye benchi. Akija mnene akajipenyeza, wote wanasogea na kukaa upandeupande. Akiondoka, wanarudi kukaa walivyokuwa. Fuwele zilizo ndani ya metali ndivyo zinavyofanya: mkazo ukizibana zinabadili mpangilio, mkazo ukiondoka, au ukizipasha moto, zinarudi.

Kwa sababu hiyo palikuwa na desturi pale karakana, nayo iliitwa kuogesha. Madaktari hupenda kuzikunja fito kabla ya kuziweka, zifuate umbo la mgongo wa mtu. Mara nyingine walikosea, wakakunja, wakakunjua, mwisho wakachukua mwingine, na ule uliosumbuliwa ukarudishwa karakana. Titani haiokotwi njiani. Basi waliuogesha kwenye maji moto, ukanyooka, wakaulaza juu ya jiwe la kupimia. Kama mwanga haupiti chini yake, ulisuguliwa, ukasafishwa, ukarudi kwenye sinia pamoja na mpya. Usiwaone wajinga. Kanuni iliwauliza kama ufito umenyooka, nao walijibu kwa haki kabisa kwamba umenyooka. Haikuwauliza umepitia mangapi.

Bi Hadubini alikuwa na mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, na katika tumbo hilo walikuwa wamebaki wao wawili tu. Huyu alikuwa fundi wa vigae. Watu walimwita Pimamaji, kwa sababu alikuwa hawezi kuingia nyumba ya mtu, hata kwenye msiba, bila kufumba jicho moja na kuangalia kama kuta zimesimama sawa. Alitembea na timazi mfukoni, uzi wake umezungushwa kwenye kijiti, na kipande cha shaba kizito mwishoni. Fundi mwenzake akimaliza ukuta, Pimamaji alimpa ule uzi aushike juu, kisha akamuuliza, "Umenyooka?" Anayejibu kabla uzi haujatulia aliambiwa abomoe.

"Macho yako hayajaona kitu," alikuwa akimwambia, "mdomo wako umeshaona."

Siku moja jukwaa la mbao liligeuka chini ya miguu yake, akaangukia mgongo juu ya rundo la vigae vyake mwenyewe. Mbavu zilitoboa pafu, na uti wa mgongo ulivunjika. Hospitali ikaagiza fito kutoka karakana ya dada yake, na Bi Hadubini akaomba oda hiyo aiandae kwa mkono wake.

Sinia lilikuwa limejaa fito mpya, zinang'aa. Alizitazama kwa muda mrefu bila kuridhika. Fito mpya alizihesabu kama mchumba wa kuletewa: sifa tele, tabia hujaiona. Achukue kitu asichokijua akakiweke ndani ya mgongo wa mdogo wake? Akatoa mmoja mpya, wa kulia, kwa kuwa hakuwa na budi. Kwa upande wa kushoto alifungua droo yake mwenyewe, akatoa ule wa maonyesho. Ule alikuwa anaujua. Alikuwa ameukunja mbele ya wageni wa kila aina, na haukuwahi kumwaibisha hata siku moja. Akaupima kwenye jiwe, mwanga haukupita. Akaukata ncha mshazari ili autambue, akausugua, akaukabidhi pamoja na mwenzake.

Katika fito zote za karakana ile, alichagua uliochoka kuliko zote, na aliuchagua kwa mapenzi.

Pimamaji alipopasuliwa, nusukaputi nusura isimwachie. Pafu lile lilikataa kuamka, na kwa siku kadhaa alipumulia mashine, huku mkewe na dada yake wakipokezana kiti kimoja. Alipofumbua macho na kuweza kusikia, Bi Hadubini alimwinamia akamwambia, "Wa kushoto ni ule wangu. Nimekuchagulia."

Yule mgonjwa alikuwa hana pumzi ya kucheka, lakini alitabasamu. Na alipopata pumzi, hakuna aliyepumzika. Muuza duka, jirani, fundi mwenzake, wote walisimuliwa kwamba wenzake wanawekewa vyuma vya sinia, yeye amewekewa chuma cha maonyesho. Akarudi kazini mapema kuliko alivyoshauriwa. Kazi ya vigae ni kuinama na kuinuka. Alipaka saruji, akainama, akagonga kigae kwa mpini wa nyundo, akainuka kukitazama, akainama tena.

Ndipo meneja wa karakana alipopata wazo. Hospitali moja ilikuwa imeuliza juu ya fito za kuogeshwa, nayo ilitaka kuhakikishiwa kwamba ni sawa na mpya.

"Tuwape ushahidi wa mashine," meneja alimwambia Bi Hadubini. "Wewe mwenyewe unajua ni sawa. Ni kuwatoa wasiwasi tu."

"Ushahidi si huu ninaouonyesha kila siku?"

"Makofi hayaandikwi kwenye ripoti, mama."

Wakacheka. Akaenda kuwasha mashine ya kukunja, ile inayoubana ufito na kuupinda kidogo tu, kiasi cha mtu kuinama, kisha kuuachia, halafu tena, bila kuchoka. Fito mpya zilipindwa na kuachiwa mpaka meneja akasema zitolewe, zimeshinda. Akaweka wa kuogeshwa. Asubuhi yake aliukuta umekatika vipande viwili. Akasema kibanio kimeuuma vibaya. Akaweka mwingine, nao ukakatika. Wa tatu aliuogesha mwenyewe, akaupima mwenyewe, akakibana kibanio kwa mkono wake, akakaa nao. Ulikatika akiwa anautazama, kwa mlio mdogo ambao, kama redio ingekuwa imewashwa, asingeusikia.

Akakata kipande karibu na palipovunjika, akakisugua mpaka kikawa kioo, akakipaka tindikali, akakiweka chini ya hadubini. Humo ndani mlikuwa na sindano. Vistari vyembamba, vingi, vimelala upandeupande: zile fuwele zilizobanwa zikahama na hazikurudi. Umbo lilikuwa limerudi, kila mtu aliliona likirudi, lakini kila safari kuna waliobaki upandeupande kwenye benchi. Safari iliyofuata waliongezeka. Na pale sindano zilipokatizana, palikuwa na nyufa ndogo zimeanza.

Bi Hadubini aliondoa jicho. Akalirudisha. Kitu cha kwanza alichofikiria hakikuwa karakana wala meneja. Kilikuwa ile ncha iliyokatwa mshazari. Alishikwa na hofu ambayo hakuwa nayo hata pale kwenye kiti cha hospitali, maana kule alikuwa anamwogopea mdogo wake ajali, na sasa alikuwa anamwogopea mkono wake yeye mwenyewe.

Alimwambia meneja siku hiyohiyo, na tumpe haki yake, meneja hakubishana. Sinia lilimwagwa, kuogesha kukakoma, hospitali zikapigiwa simu. Ikaonekana karibu wote waliowekewa fito zile mifupa yao ilikwisha kuunga, na mfupa ukishaunga, ufito hauna mzigo tena. Kwao ilikuwa salama. Bi Hadubini alishika hilo neno, mfupa ukishaunga, akakimbia nalo hadi kwa daktari wa mifupa.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alibandika eksirei ya karibuni ya Pimamaji kwenye kioo chenye taa. Ule ufito wa kushoto ulionekana wazi, ncha yake imekatwa mshazari. Katikati, palipovunjika, palikuwa na mstari mweusi.

"Unauona huu?" alisema. "Mfupa umegoma. Haujaunga, na sidhani utaunga. Fito ndizo zinazombeba."

"Basi zibadilishwe."

"Nikimlaza tena nusukaputi, hatoki. Pafu lile mliliona wenyewe."

"Na wa kushoto ukikatika?"

"Mzigo wote utahamia wa kulia. Nao hautachukua muda." Alizima taa ya kioo. "Ukikatika ghafla, miguu tusiitegemee. Inategemea na utakavyokatika. Mwambie asiiname."

"Ni fundi wa vigae, daktari."

"Basi aache vigae. Tutampa mkanda wa kiunoni. Utasaidia kidogo, sitakudanganya."

"Hata akiacha, akiketi tu, akijigeuza kitandani?"

Daktari alianza kuibandua eksirei; aliyeuliza ndiye aliyekuwa analijua jibu. Mashine ile haikuwa ikipinda sana. Ilikuwa ikipinda kidogo, mara nyingi.

Njiani kurudi alitafuta namna ya kutosema. Kama hakuna la kufanya, kumwambia kunasaidia nini, zaidi ya kumnyang'anya usingizi? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini haya maradhi, yakifichwa au yakitangazwa, yalikuwa na mwisho mmoja. Alifika nyumbani kwa mdogo wake bado hajaamua. Akamkuta amepiga magoti bafuni kwake, anabandika vigae vyeupe alivyomwahidi mkewe miaka nenda rudi, anainama na kuinuka, anaimba. Hapo hakuweza kuficha.

"Inuka," alimwambia. "Tafadhali, mdogo wangu. Inuka polepole, ukae hapa."

Akamwambia yote. Benchi, sindano, mashine, mfupa uliogoma. Akamwambia kwamba ule mpya ungemfaa zaidi, na kwamba yeye, dada mtu, ndiye aliyeufungulia droo ule mwingine. Mke wa Pimamaji alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, hasogei.

Pimamaji alikuwa na saruji kwenye vidole, akawa anaibandua kidogokidogo. Kisha akasema, "Samaki mkunje angali mbichi, dada. Huyo wako umemkunja mpaka akakauka."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Utakatika lini?"

"Sijui."

"Kukadiria tu. Wewe si mtaalamu?"

"Sijui, ndugu yangu. Ungekuwa kwenye mashine ningekwambia."

Akaendelea kubandua saruji. Halafu uso wake ukabadilika, na Bi Hadubini, aliyekuwa anaujua uso ule tangu ukiwa na meno ya maziwa, aliona tumaini likiingia mahali ambapo halikuwa na haki ya kuingia.

"Si ndio ule unaorudi kwenye maji moto?"

"Unarudi umbo. Nguvu hazirudi. Nimekueleza."

"Lakini unarudi."

"Na maji ya kuoga hayafiki huko ndani. Mwili una joto lake, hauachii."

"Umewahi kujaribu? Ukiwa ndani ya mtu?"

"Sijawahi."

"Basi hujui," alisema Pimamaji, kwa upole kabisa. "Mke wangu, kuna maji?"

Tangu siku hiyo aliacha vigae. Bafu likabaki nusu jeupe, nusu saruji. Alivaa mkanda wa daktari, akaketi wima kwenye kiti cha mbao, na kila jioni aliogeshwa. Mkewe alibandika sufuria kubwa jikoni, na Bi Hadubini akitoka kazini alipitia hapo, akavua viatu, akasaidia kubeba. Walimketisha bafuni, kwenye stuli ndani ya beseni la kufulia, wakammwagia maji ya moto mgongoni, kwa kopo, pole kwa pole, kushoto zaidi.

"Ongezeni," alisema. "Titani haibembelezwi."

Ngozi ilimwiva. Bi Hadubini alimwaga yale maji akijua hayafanyi kazi yoyote, na aliumia kila kopo. Angeweza kukataa. Mara moja, jikoni, alimwambia wifi yake kwamba haya ni bure, wanamchoma mtu bure.

"Najua, wifi," alisema yule mwanamke, akikoleza moto. "Sikusoma, lakini najua. Sasa unataka nimwambie akae tu?"

La kuvunda halina ubani, wazee walikwisha sema, lakini hawakusema watu wa nyumbani wafanye nini na mikono yao wakati wanangoja. Akachukua vitambaa viwili, akashika sufuria upande mmoja, wifi yake upande wa pili, wakaenda.

Baada ya maji, Pimamaji alisimama, akashika ukuta, akajinyoosha. "Mnaona? Umekumbuka kwao." Alilisema neno la dada yake kwa sauti ya dada yake, mkono umeinuliwa kama anaonyesha wageni. Siku za mwanzo walijilazimisha kucheka. Baadaye hata yeye alilisema kwa haraka, kama mtu anayefunga sala.

Kisha ikaja jioni ambayo hakulisema. Mkewe alimnong'oneza Bi Hadubini mlangoni kwamba asubuhi, mumewe alipokuwa akijigeuza kitandani, yeye alisikia kitu kimelia ndani ya mgongo wake, kidogo tu, na alipomuuliza, mume alisema ni kitanda.

Walimwogesha kama kawaida. Alipomaliza alisimama, na safari hii alishika ukuta kwa mikono yote miwili. Akasema, "Mke wangu, niletee timazi. Iko kwenye suruali ya kazi."

Ikaletwa. Uzi bado ulikuwa na vumbi jeupe la saruji. Alimpa dada yake kwa nyuma, bila kugeuka.

"Shika hapa kwenye shingo, kwenye huu mfupa uliotokeza. Iachie shaba ishuke. Mimi mgongo wangu siuoni."

Bi Hadubini alishika uzi. Akaiachia ile shaba, ikaanza kuyumba, kushoto, kulia, ikigusa ngozi nyekundu yenye maji na kuiacha. Mfereji wa mgongo ulikuwa mbele yake, na kovu refu limepita juu yake. Hakuhitaji uzi. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na kiuno kimekwenda upande wake, si kama juzi. Kwa jicho la kazi yake alijua kilicholia, na alijua kwamba sasa mzigo wote uko kulia, na kwamba ule wa kulia unauma meno.

"Umenyooka?" Pimamaji aliuliza.

"Umenyooka," alisema dada yake.

Shaba ilikuwa bado inayumba. Wote watatu waliisikia ikigonga kwenye stuli iliyokuwa nyuma yake, tik, kisha tik, kila mara polepole zaidi, mpaka ikaacha.

Pimamaji alibaki ametazama ukuta, ile nusu aliyowahi kuibandika, vigae vyake vimepangwa bila kosa hata moja. Hakumwambia abomoe. Alinyoosha mkono nyuma, akapapasa hewani, mpaka akaupata mkono wa dada yake ulioshika uzi, akaubana.

"Asante, dada," alisema. "Kesho maji yawe moto zaidi kidogo."

"Sawa," alisema Bi Hadubini. Akauzungusha uzi kwenye kijiti chake, wote, mpaka mwisho, kisha akaenda jikoni kujaza sufuria.